Vidole Viwili Juu ya Tairi

Gari lilikuwa limewekwa nyuma ya kituo, karibu na pikipiki za ushahidi zilizoota kutu zikisubiri kesi zao. Upande wake wa mbele kushoto ulikuwa umelala chini, tairi limeingia ndani na madigadi imekunjamana. Mpelelezi alilizunguka mara tatu, na konstebo aliyebeba jeki akaanza kuchoka.

"Afande, tunaliinua au tumekuja kulisalimia tu?"

"Inua."

Mpelelezi huyo kituoni walimwita Bi Kwanini. Jina hilo walilianzisha wakubwa wake, watu wanaopenda majalada membamba, na jalada la mama huyu halijawahi kuwa jembamba. Kuhusu magari hakujua kitu zaidi ya mahali pa kutia mafuta, wala hakulificha hilo. Alilojua ni kuuliza, na kuuliza tena baada ya kujibiwa.

Jalada la kesi hii lilikuwa na kurasa nne. Jumatatu jioni gari dogo jeupe, lililoshushwa ili lilale chini kama vijana wanavyopenda, lilipita tuta karibu na kona, likaacha barabara na kuvamia ukuta. Dereva, ambaye ndiye mwenye gari, alivunjika mkono. Mkewe aliyekaa pembeni yake aliumia mgongo, na kwa siku nzima madaktari hawakuwa na hakika kama angetembea tena. Mkaguzi wa magari alilitazama gari kwa dakika chache akaandika: springi za bei nafuu, zisizo na ubora, zilizofungwa kizembe. Kwa sentensi hiyo moja fundi aliyezifunga alikamatwa Jumanne na gereji yake ikatiwa kufuli. Leo ilikuwa Jumatano. Kesho saa tatu asubuhi alikuwa anapandishwa kizimbani.

Gari lilipopanda juu, Bi Kwanini alipiga magoti kwenye mchanga wenye mafuta, sketi ya sare na yote. Springi ilikuwa mpya, nyekundu, na ilikuwa imechomoka kitini mwake na kuchana ubavu wa ndani wa tairi. Ncha yake ya chini ilikatika wima, safi, na karibu na ncha hiyo rangi nyekundu ilikuwa imeungua na chuma kimegeuka bluu. Kisha akaona kitu kingine. Kwenye nati zilizoshikilia shokapu, bomba linalozuia gari lisirukeruke, kulikuwa na michirizi midogo ya rangi ya waridi.

"Hii ni nini?"

Konstebo aliinama. "Rangi, afande. Itakuwa imedondoka."

"Gari jeupe, springi nyekundu. Waridi imedondoka kutoka wapi, na kwanini idondokee kwenye nati tu?"

Mama huyo hakumsubiri atafute jibu; alinyanyuka akaagiza fundi aletwe.

Fundi aliletwa kwenye chumba cha mahojiano bila mkanda na bila kamba za viatu. Alikuwa mtu wa makamo, mkavu, kucha zake zina weusi usiotoka kwa sabuni yoyote. Mjini walimwita Fundi Taratibu, kwa sababu kazi ya saa moja yeye aliifanya kwa saa tatu, na wateja wenye haraka walikwenda kwingine. Kabla hajaulizwa chochote, yeye ndiye aliyeuliza.

"Yule mama anaendeleaje?"

"Jana usiku alianza kuhisi miguu. Wanasema atatembea."

Fundi alifunika uso kwa viganja vyake viwili akakaa hivyo kwa muda. Bi Kwanini alimwacha.

"Haya, fundi. Nieleze kama unavyomweleza mtu asiyejua kitu, maana sijui kitu. Mteja alikuja anataka nini?"

"Alitaka gari lilale chini, na mfuko wake ulikuwa mwepesi. Wateja wangu wengi ni hao hao."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia njia ziko tatu. Ya kwanza, unakata springi ulizo nazo. Hiyo ni ya bure, na mimi siifanyi, hata uwe ndugu yangu. Ya pili ni seti za kurekebisha, zile unazozungusha gari likapanda au likashuka utakavyo. Nzuri sana, lakini angelazimika kuuza friji na kitanda. Ya tatu iko katikati. Springi zilizotengenezwa fupi tangu kiwandani, pamoja na shokapu fupi zinazolingana nazo. Boksi halina jina kubwa, lakini zimepimwa kwa uzito wa gari la aina ile. Hiyo ya tatu ndiyo tuliyochagua."

"Mkaguzi anasema ni takataka."

"Mkaguzi amesoma boksi. Springi hakuisoma."

"Kwanini usingeweka springi fupi tu, ukaacha shokapu za zamani? Si ingekuwa nafuu zaidi?"

Fundi alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Swali zuri, afande. Shokapu ndefu na springi fupi hazisikilizani. Gurudumu likishuka kwenye shimo, shokapu inanyooka mpaka mwisho na springi inabaki inaning'inia, haijabanwa na kitu. Hapo inaweza kuhama kitini. Anayeacha shokapu anaokoa leo tu."

"Ulilishusha kiasi gani?"

Aliinua mkono, vidole viwili vimebanwa pamoja. "Nafasi ya hivi ilibaki kati ya tairi na madigadi. Yeye alitaka kisipite hata kimoja. Tulivutana naye saa nzima. Gurudumu linahitaji mahali pa kupandia likikutana na tuta, nikamwambia, na mimi sitoi gari gerejini kwangu chini ya vidole viwili. Mwishowe akakubali, lakini amenuna."

"Na waridi?"

Fundi aliinamisha kichwa kama mtu aliyefumwa. "Rangi ya kucha. Mke wangu ana saluni. Nikishalishusha gari chini, likasimama kwa magurudumu yake na uzito wake wote, ndipo nakaza nati kwa mara ya mwisho. Kisha nachora mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Nati ikizunguka hata kidogo, mstari unakatika, nami naona bila kushika spana. Mafundi wenzangu wananicheka, wananiuliza kama gari litakwenda harusini."

"Wanaokucheka hawako hapa," alisema Bi Kwanini, akaandika.

Alipofika mlangoni, fundi alimwita. "Afande. Kesho wakinipandisha, mwenye kiwanja ana mtu mwingine anayekitaka kibanda changu. Alikuja kumwambia mke wangu hivyo. Nina miaka kumi na tisa pale."

Bi Kwanini hakuwa mtu wa kutoa ahadi, na hakutoa. Lakini alirudi uani kwa hatua za haraka kuliko kawaida yake, na konstebo akalazimika kumkimbilia.

Walianza na magurudumu ya nyuma. Kwenye kila nati mstari wa waridi ulipita moja kwa moja hadi kwenye chuma, haukupinda. Wakaja mbele. Kulia na kushoto mambo yalikuwa mengine: nusu moja ya mstari ilikuwa juu ya nati inatazama huku, nusu nyingine kwenye chuma inatazama kule.

"Zililegea," alisema konstebo. "Basi mkaguzi kasema kweli."

"Zifungue."

Konstebo alitia spana akavuta. Akaweka mguu kwenye bampa akavuta tena, mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Nati haikusogea.

"Imekazwa kweli kweli, afande."

"Sasa iliyolegea ni ipi?" Bi Kwanini alifunga daftari. "Nati hizi zimefunguliwa, kisha zikakazwa na mtu mwenye nguvu, asiyejua maana ya rangi ile."

Alipompigia simu mkuu wa kituo kumweleza, mkuu alikohoa. Alisema hakuna kinachomzuia fundi kufungua kazi yake mwenyewe na kuifunga upya. Hapo mkuu alikuwa na hoja, na Bi Kwanini aliichukia hoja hiyo njia nzima hadi kwenye duka la vipuri.

Mwenye duka walimwita Profesa, kwa sababu ya miwani na kwa sababu hakuna aliyewahi kumuuliza jambo akapata jibu fupi. Ndiye aliyeuza seti ile. Alishusha boksi jingine la aina hiyo hiyo, akalifungua juu ya meza na kutoa springi nyekundu ya mbele. Bi Kwanini aliishika akahesabu mizunguko yake kwa kidole, kutoka juu hadi chini. Ilikuwa sita na robo. Ya kwenye gari aliihesabu akiwa amepiga magoti mchangani, na ilikuwa mitano.

"Ona na mwisho wake," alisema Profesa. "Umelazwa bapa, ukae kitini utulie. Hiyo yako ikoje?"

"Imekatwa wima. Na chuma ni bluu."

Profesa alivua miwani. "Basi imekatwa kwa grenda, ile mashine ya kukatia vyuma. Ikachemka. Chuma cha springi kikishachemka hivyo kinapoteza tabia yake. Halafu ikawa fupi hata kwa shokapu fupi. Mama, hata ungenunua seti ya ghali kuliko zote mjini, ukaikata namna hiyo, ingekuua vilevile. Watu wanadhani bei ndiyo inayoua."

"Fundi Taratibu anaweza kukata springi?"

"Huyo? Huyo ananirudishia boksi kwa sababu ya mkwaruzo. Lakini usiniandike, mimi ni rafiki yake, hakimu atasema namtetea."

Alimwandika, na akaandika pia kwamba ni rafiki. Ndivyo majalada yake yalivyonenepa.

Hospitalini alimkuta mwenye gari kwenye ubao wa kukalia nje ya wodi ya wanawake, mkono wake ndani ya plasta. Alikuwa kijana wa heshima, aliyesimama alipomwona mtu mzima, akaamkia shikamoo na kuitikiwa. Baada ya hapo heshima ilibaki, lakini macho yake yakaanza kumkwepa.

"Gari lilitoka kwa fundi Ijumaa," alisema akiitazama plasta. "Likaja nyumbani. Jumatatu likatuangusha. Hakuna mtu mwingine aliyeligusa."

"Hakuna kabisa?"

"Hakuna."

"Hata kuoshwa?"

"Niliosha mwenyewe."

"Ijumaa lilipotoka, vidole vingapi vilipita juu ya tairi?"

"Sikumbuki hayo, mama. Nilikuwa na haraka."

Mkewe ndani ya wodi alikuwa na maneno mengi kuliko yeye. Alilala chali, mto chini ya magoti, na habari yake kubwa ilikuwa kwamba jioni hiyo manesi wangemsimamisha kwa mara ya kwanza. Alipoulizwa kuhusu gari alicheka, kisha akajishika ubavu kwa maumivu ya kucheka.

"Hilo gari, dada yangu, ni mke mwenzangu. Ngoja nikuonyeshe." Alifungua simu. "Hii ni Ijumaa gerejini. Fundi ametia vidole vyake pale kumwonyesha, na mume wangu amenuna kama kanyimwa chakula. Nilipiga kwa sababu ya ule mdomo."

Picha ilikuwa safi. Vidole viwili vya fundi, vyenye kucha nyeusi, vilikuwa kati ya tairi na madigadi, vinatosha barabara. Kona ya picha ilionyesha tarehe na saa.

"Wenzake walimcheka sana," aliendelea mke. "Wana kikundi chao cha magari ya chini. Aliporusha picha jioni ile wakamuuliza kama amelishusha gari au amelipangusa vumbi. Hakula vizuri. Lakini tazama Jumapili, walipokutana kule kwenye uwanja wa maegesho. Hapo kila mtu alimsifu."

Kwenye picha ya Jumapili madigadi ya mbele ilikuwa imelikalia tairi. Hata sarafu isingepita.

"Kati ya Ijumaa na Jumapili gari lilikuwa wapi?"

"Nyumbani. Ila Jumamosi tulishinda kwa kaka yangu, ana karakana ya mageti. Wanaume walibaki nje na mimi nilikuwa ndani na wifi yangu." Hapo akamkazia macho mgeni wake. Alikuwa mgonjwa wa mgongo tu, akili yake ilikuwa nzima. "Kwanini unauliza?"

"Kuuliza ndiyo kazi yangu, mama."

Mke aliiweka simu kifuani, skrini chini.

Karakana ya kaka yake ilisikika kabla haijaonekana. Kaka mwenyewe, bonge la mtu aliyevaa kinyago cha kuchomelea, alikuwa ameinama juu ya geti lenye maua ya chuma. Bi Kwanini alisimama kando akasubiri cheche ziishe, macho yake yakitembea. Ukutani kulikuwa na bomba lililolazwa, na kwenye bomba zilikuwa zimechomelewa pete mbili kubwa za kutundikia nyaya za mashine. Kila pete ilikuwa mzunguko mmoja na kipande. Zilikuwa nyekundu.

Mchomeleaji alipandisha kinyago. Aliiona sare, kisha akaona sare inatazama nini.

"Hizo ulizitoa wapi?" aliuliza Bi Kwanini.

"Unajua, mama, la sivyo usingekuja."

"Nataka kusikia kwako. Na kwanini hukuzitupa?"

Alizitazama pete zake kwa mshangao, kama mtu aliyeulizwa kwanini anapumua. "Chuma kizuri kile. Sijawahi kutupa chuma kizuri."

Kisha akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, na yote yakamtoka. Shemeji yake alimsihi tangu asubuhi. Kwa fundi angekataliwa, na Jumapili ilikuwa kesho yake. Yeye alikata vyuma tangu ujana wake, mageti yake hayajawahi kumwangukia mtu, na alidhani chuma ni chuma. Alizifunga springi kwa waya zisiruke, akakata, akarudisha, akakaza nati kwa nguvu zake zote ili pasiwe na mchezo.

"Za nyuma je?"

"Jua lilizama. Na mbele ndiko kunakoonekana kwenye picha."

"Jumatatu ukasikia."

"Nikapigiwa simu kwamba dada yangu hahisi miguu." Alijipangusa uso kwa glovu na kuuacha mweusi. "Nilimlea mimi, mama. Wazazi walipoondoka alikuwa na miaka saba. Shemeji akasema tunyamaze kwanza, apone. Akasema fundi hawatamfanya kitu, watamwonya watamwachia."

"Kesho saa tatu anapandishwa kizimbani. Kibanda chake kimeshapata mtu."

Mchomeleaji aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Hilo sikuambiwa."

"Sasa umeambiwa."

Alisimama katikati ya karakana yake, mikono ikining'inia, halafu akasema jambo moja tu: anataka kumwambia dada yake yeye mwenyewe, kabla hajalisikia kwa mtu mwingine. Bi Kwanini alimwelewa. Alisikitika naye pia, na hakuona haya kusikitika. Lakini utaratibu ni utaratibu.

"Utaandika kwanza, utie sahihi. Kisha tutakwenda pamoja. Na bomba hilo likate huku na huku. Pete zenyewe usiziguse."

Aliandika kwa herufi kubwa, taratibu, bila kujitetea popote. Bi Kwanini alipima mikato: bluu kwa bluu, mzunguko mmoja na robo kila upande, na mitano iliyobaki kwenye gari. Ilikuwa sita na robo. Alimpigia mkuu wa kituo.

"Mkuu, jalada limenenepa."

"Nilijua tu," alisema mkuu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kuhusu tarehe za picha, akauliza mara mbili kuhusu sahihi. "Basi kesho hapandi. Naandika aachiwe. Nani atamwambia mke wa fundi? Alikuwa ameketi hapa mapokezi tangu asubuhi, nimemwambia aende nyumbani akapumzike, ndiyo kwanza ametoka."

Walipofika wodini mke alikuwa amesimama. Manesi wawili walimshika kwapani, mumewe yuko mbele yake ameinyoosha mikono, mzima na wa plasta, na yeye anasukuma mguu wa kulia juu ya sakafu kidogo kidogo. Alipomwona kaka yake aling'aa uso mzima. Kaka hakusubiri aketi. Pengine aliogopa kwamba akisubiri hatasema.

"Springi nilizikata mimi. Jumamosi. Fundi hana kosa."

Mwenye gari alifumba macho. Nesi mmoja alitazama dari. Mke alibaki wima, anapumua, anamtazama kaka yake, kisha mumewe, kisha tena kaka yake. Machozi yalimtoka na hakuwa na mkono wa kuyafuta.

"Na wewe ulijua," alimwambia mumewe.

"Nilijua."

"Siku zote hizi nimelala hapa namlaani mtu wa watu."

Manesi walitaka kumrudisha kitandani, akakataa kwa kichwa. Alisukuma mguu wa kushoto, ukaja. Akausukuma wa kulia, ukaja pia, na sasa alikuwa karibu na mumewe kiasi cha kumgusa.

"Mimi na ninyi wawili tutaongea nikiweza kukaa," alisema. "Mtalia siku hiyo. Sasa toa simu. Mpigie mke wa fundi, umwambie kwa mdomo wako."

"Sina namba yake."

Bi Kwanini alimtajia kutoka kwenye daftari lake, tarakimu moja moja, na kijana akabonyeza kwa mkono wake mzima. Simu iliita mara mbili tu. Alisema yeye ni nani. Alisema gari halikuharibiwa na fundi, ameliharibu yeye na shemeji yake, na alidanganya polisi. Hakuruka neno. Kisha sauti ya mwanamke upande wa pili ikasema kitu kifupi.

"Hasemi kingine," kijana alisema, akimgeukia Bi Kwanini. "Anauliza mumewe anatoka lini."

"Mwambie ageuze njia arudi kituoni. Nitakuwa mlangoni na mumewe."